Pasi Isiyoua Mtu

Pasi ya Mama Nuru ilikuwa ya makala, yaani makaa, ya chuma kizito, yenye jogoo mdogo juu ya kifuniko chake, na jogoo huyo hakuwa na kichwa tangu siku za marehemu mume wake, fundi cherehani. Uzito wake ulikuwa kilo tatu na gramu mia mbili. Tunajua hivyo kwa sababu Profesa Florentin aliipima mara tatu, na mara zote tatu akaandika. Kabla ya Profesa kufika, watu wa Mikelenge, mtaa wa Kindu, hawakuwa na haja ya kujua pasi hiyo ina kilo ngapi. Walijua tu kwamba inasema.

Ilianza kusema mwaka wa 1999. Vita ilikuwa imeingia Kindu mwaka uliotangulia, treni haikupiga tena honi, na chumvi ilikuwa inauzwa kwa kijiko. Hata hivyo watu walinyoosha nguo. Mtu wa Kindu anaweza kulala na njaa siku mbili akanyamaza, lakini umtoe nje na shati lenye mikunjo, hapo utakuwa umemvunjia heshima. Na kwa kuwa vijana wengi walikuwa wamekimbilia msituni, mama zao walileta kwa Mama Nuru mashati waliyoyaacha, yanyooshwe, wenyewe wakirudi wayakute tayari.

Siku moja mama mmoja mzee alileta shati la mwanawe Nestor, aliyepotelea upande wa Punia. Alilia juu ya meza mpaka Mama Nuru hakuhitaji kunyunyiza maji. Sasa, Mama Nuru ana moyo mwema, lakini hawezi kufanya kazi mtu akilia karibu yake. Akapitisha pasi mara mbili, akasema, kama vile unavyomwambia mtoto kwamba dawa si chungu:

"Mama, nyamaza. Sikia namna pasi inateleza. Mwenye shati iko muzima."

Alasiri ya siku hiyohiyo Nestor akatokea msituni, amekonda kama kijiti cha mwavuli, akaomba shati lake.

Basi, nani angeweza kuuzuia mji baada ya hapo? Kesho yake foleni ilifika barabarani. Watu walileta mashati, kaptura, kitenge cha bibi, hata soksi moja. Mama Nuru alisema Bismillahi, akapitisha pasi, akasikiliza, na jibu likawa lilelile: iko muzima. Katika miaka yote ya vita pasi ile haikumuua mtu hata mmoja. Waliorudi walimletea kuku na mihogo na kumsifu mpaka ng'ambo ya mto. Wasiorudi walihesabiwa kuwa bado wako njiani, na hakuna mtu anayekuja kulalamika juu ya mgeni ambaye bado yuko njiani.

Je, yeye mwenyewe aliamini? Hapo mwanzo, nusu. Baada ya mtu wa kumi kurudi, aliamini robo tatu, na akaanza kufunga macho wakati wa kunyoosha na kuinamisha sikio kidogo upande wa kushoto, jambo ambalo siku za Nestor hakulifanya. Sifa ni tamu, na mwaka ule sukari haikuwepo.

Mwaka wa 2000 akaja jirani yake Françoise.

Françoise alikuwa mke wa Isidore, fundi wa vichwa vya treni. Treni ziliposimama na mishahara ikasimama nazo, Isidore alifunga madumu ya mafuta ya mawese kwenye baiskeli, akafuatana na wenzake wawili kwenda kutafuta chumvi upande wa Lubutu. Wenzake walirudi. Walisema mnyororo wa baiskeli ya Isidore ulikatika, akawaambia watangulie, atawakuta mbele. Wakatangulia. Hawakumwona tena.

Françoise alileta shati jipya la kazi la mumewe, la kaki, lenye mifuko miwili. Hakulia. Aliliweka mezani, akasema, kama aitwavyo dada mkubwa kule, "Yaya Nuru, niambie."

Mama Nuru alimtazama mwanamke yule, wa miaka ishirini na tisa, na macho makavu yanayotisha kuliko machozi. Akanyoosha kola, mikono, mgongo. Pasi iliteleza. Pasi ilikuwa inateleza siku zote, kwa kuwa makala yalikuwa moto na nguo ilikuwa na unyevu.

"Iko muzima," alisema.

Ndivyo Françoise alivyoanza kungoja. Kila Jumamosi, siku ya posho kama wasemavyo kule, saa nane mchana, alileta shati la kaki. Mama Nuru alilinyoosha bila kuomba kitu. Françoise alikaa kwenye kibao, wakazungumza habari za Isidore: namna alivyocheka, namna alivyokataa kula sombe, yaani kisamvu, isiyo na pilipili, namna alivyosikiliza injini kwa sikio kama daktari. Kisha shati likakunjwa, likarudi nyumbani, likangoja Jumamosi nyingine.

Vita ikaisha. Ndege zikaja, simu zikaja, pikipiki zikajaa. Ndugu za Isidore walikuja mara mbili wakitaka kuketi matanga na kugawa vitu vya marehemu kama desturi inavyotaka, maana roho ya mtu haitulii nguo zake zikiwa zimefungiwa kwenye sanduku. Françoise aliwakatalia mara mbili. "Pasi imesema iko," aliwaambia. Mwalimu Joël, mtu mpole mwenye nyumba ya mabati, alimposa mara mbili, naye akakataliwa mara mbili, akaenda kuoa kwingine, mjini Kalima. Mama Nuru aliposikia habari ya Joël kwa mara ya pili, aliiacha pasi ikapoa mezani. Alitaka kusema kitu. Lakini ungeanzia wapi? Mwaka wa kwanza ungeweza kusema, nilikosea. Mwaka wa kumi utasema nini?

Basi akanyamaza, na Jumamosi zikaendelea, mpaka miaka ikafika ishirini na minne.

Profesa Florentin alifika mwaka jana, na masanduku manne na mwanafunzi mmoja aitwaye Falone. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na tano, aliyesomea Ulaya mambo ya akili za watu, na kazi yake ilikuwa kuzunguka nchi akiwapima wale wanaosema wanajua yasiyojulikana. Hakuwa mtu wa dharau. Kule Lubutu alimpima mzee mmoja aliyedai anazuia mvua, na mvua ikalowesha vyombo vyote vya kupimia, na Profesa akaandika kwa haki kabisa kwamba jaribio limeshindikana kwa sababu ya hali ya hewa.

Aliposikia habari za pasi, alikuja mwenyewe Mikelenge, akaketi kwenye kibao cha Françoise.

"Mama, watu wanasema pasi yako inajua muzima na marehemu. Utakubali tuipime? Mashati kumi na mbili. Sita ya wazima, sita ya marehemu. Utanyoosha, utasema, sisi tutaandika. Kwa kubahatisha tu, mutu anaweza kupata sita. Weye ukipata kumi, nitaandika jina lako katika kitabu cha wasomi."

Mama Nuru alitaka kukataa. Ila wakati huo wanawake watano walikuwa wamesimama mlangoni, wakisikiliza kila neno, na mmoja wao akasema, "Yaya atapata zote kumi na mbili!" Kwa hiyo alijikuta amekaa wima, akisema, kwa ile 'njo' ya Kindu iliyo 'ndiyo' ya wengine:

"Miye sina neno, Profesa. Pasi njo itajibu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Nuru alitabasamu.

Alijuta jioni ileile. Françoise aliishi kwa kufua nguo za watu, na Profesa alikuwa amemwajiri kufua mashati yote kumi na mawili kwa sabuni moja na maji ya bomba moja, ili lisibaki lenye harufu ya mtu. Akapita kwa Mama Nuru, ndoo mkononi, akasema kwa utulivu:

"Yaya, hao watu wa vitabu hawana huruma ya muntu. Wakiona pasi yako inasema kweli, miye nitangoja mupaka nife. Wakiona haisemi, nitaita ndugu za Isidore, tutafanya matanga."

"Mambo ya mashati ya watu wengine yanakuhusu nini weye?" Mama Nuru aliuliza.

"Pasi ni ile ile," Françoise alijibu, akaenda zake.

Sasa Mama Nuru akaona mtego wote. Akishinda, atamfunga Françoise kwenye kungoja mpaka kaburini. Akishindwa, mji mzima utamcheka, na Françoise atajua kwamba miaka ishirini na minne imeliwa na uongo. Usingizi haukuja. Karibu na alfajiri aliiomba pasi msamaha, halafu akajicheka, maana alikuwa mwanamke wa miaka sitini na sita anayeomba msamaha kwa kitu kisicho hata na jogoo mzima.

Laboratwari, maabara ya kupimia pasi, ilikuwa chumba cha chuo kimoja cha mjini, mahali ambapo wanafunzi wa kemia walijifunza kuchanganya dawa, kama dawa zingekuwepo. Kulikuwa na sinki lisilo na maji na picha ya mifupa ya mtu ukutani. Profesa alitandika blanketi na shuka juu ya meza ndefu, akafunga pazia ili asiyehusika asione. Mashati yalikuwa ndani ya mifuko ya karatasi yenye namba. Orodha ya majina aliitunza karani wa chuo, ndani ya kabati lenye kufuli. Profesa hakuwa ameiona. Falone, mwenye kumpokeza Mama Nuru mifuko, hakuwa ameiona. Hiyo ndiyo sheria, Profesa alieleza kwa fahari: aliye chumbani asijue lolote, asije akajisaliti kwa jicho.

Kwanza kulikuwa na mgogoro wa makala. Profesa alikuwa ameleta pasi ya umeme.

"Hiyo ni kiziwi," alisema Mama Nuru, akaiweka kando.

Profesa akakubali pasi ya makala, akaipima uzito mara tatu, akaingiza kipimajoto ndani ya tundu za ubavuni, na kipimajoto kikapasuka. Aliandika hilo pia. Falone aligeuka ukutani akajifanya anasoma mifupa.

Shati la kwanza likatoka. Lilikuwa jeupe, la mistari ya bluu. Mama Nuru akasema Bismillahi, akafunga macho na kuinamisha sikio upande wa kushoto kama mji ulivyozoea. Kisha akayafungua. Hakuna foleni hapa, hakuna wa kumpigia vigelegele. Alikuwa na shati na pasi tu, kama siku za mume wake. Akaamua kwamba mara hii hatasikiliza kitu. Atatazama. Miaka arobaini ya kunyoosha imempa macho, na macho si uchawi.

Kola ilikuwa imechakaa kwa ndani, mahali shingo inaposugua. Kifungo cha tatu kilikuwa kimeshonwa upya kwa uzi ambao bado unang'aa. Kiwiko cha kulia kimeanza kuwa chepesi, kwa mtu anayeegemea meza. Sabuni ya Françoise ilikuwa imeondoa harufu, lakini sabuni haiondoi mtu.

"Iko," alisema.

Falone akaandika.

La pili lilikuwa na doa la mafuta ya pikipiki ambalo halijafikisha mwezi. "Iko." La tatu lilikuwa limepunguzwa mabega hivi karibuni, kwa cherehani ya miguu. "Iko." La nne, kola imegeuzwa. "Iko." Kufika la saba Profesa alianza kukuna kichwa. Kufika la tisa alikohoa.

"Mama, unakumbuka nilisema kwamba kuna marehemu sita humu?"

"Nakumbuka, Profesa."

"Na umesema wazima tisa."

"Mashati haya yanavaliwa," alisema Mama Nuru. "Unataka niseme uongo mbele ya mutoto wa watu anayeandika?"

La kumi, iko. La kumi na moja, iko. Jambo la ajabu ni kwamba alikuwa hajisikii vibaya. Kwa mara ya kwanza tangu Nestor atoke msituni, alikuwa akisema kitu anachokijua.

Falone akamimina mfuko wa kumi na mbili, na shati la kaki lenye mifuko miwili likaanguka mezani.

Mama Nuru aliliacha hapo kwanza. Hakuhitaji kulikunjua. Kulikuwa na alama ndogo ya kuungua kwenye pindo, ya mwaka ule jogoo, jogoo wa kweli mwenye kichwa, aliporuka mezani. Mkunjo wa mkono ulikuwa wake, mahali palepale, Jumamosi baada ya Jumamosi. Akatazama nje kupitia dirisha, pembeni mwa pazia. Françoise alikuwa ameketi uani juu ya beseni lililopinduliwa, mikono juu ya magoti, macho chini. Hakuwa anafua kitu. Alikuwa anangoja.

Basi Mama Nuru akanyoosha, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kufanya. Alianzia kola. Ilikuwa safi kama siku ilipotoka dukani, haina msuguo, haina alama ya shingo. Akapitisha pasi mgongoni. Kitambaa kilikuwa kimekuwa chepesi mno, mpaka rangi ya shuka ilionekana chini yake. Aliinua shati juu kuelekea dirishani, na mwanga ukapita. Hakuna mgongo uliolichakaza shati lile, wala jasho, wala kazi. Lilikuwa limechakazwa na pasi. Yeye Nuru, kwa mkono wake, alikuwa amelimaliza shati la mtu ambaye hakulivaa hata siku moja katika miaka ishirini na minne.

Machozi yalimjia, naye hakuyazuia, ingawa siku zote aliwakataza wengine kulia karibu na kazi.

"Mama?" Falone aliuliza kwa sauti ndogo. "Naandika aje?"

"Haiko."

"Umesema..."

"Haiko, mwanangu!" Alisema kwa nguvu, uso wake ukielekea dirishani, ili neno litoke nje lifike uani. "Andika. Andika na herufi kubwa. Mwenye shati hii haiko tena."

Uani, Françoise aliinua kichwa. Kisha akainamisha tena, akajifunika uso kwa ncha ya kitenge.

Karani alileta orodha, Profesa akaifungua kwa heshima kubwa, na hapo ndipo sayansi ilipopata siku mbaya. Kati ya mashati kumi na moja aliyosema iko, matano yalikuwa ya wazima na sita ya marehemu.

"Mama, pole sana," alisema Profesa. "Hapa umekosa sita. Namba ya nne, kwa mufano, ni ya marehemu Bruno. Alikufa miaka mitatu iliyopita."

"Nani aliileta?"

Profesa akatazama. "Djo. Mutoto wa dada yake."

"Na Djo alivaa nini Jumapili kanisani?"

Profesa akaipekua orodha, kana kwamba jibu limeandikwa humo. Karani, mtu wa Kindu tangu babu yake, ndiye aliyemhurumia.

"Profesa, matanga ya muntu yakiisha, nguo zake zinagawiwa. Mujomba anachukua hii, mupwa anachukua ile. Hakuna anayeziweka tu. Marehemu wote hawa, mashati yao yanatembea mujini. Ile ya namba saba, njo miye ninaivaa. Nimeitoa mwilini asubuhi nikuletee."

Profesa Florentin alikaa kwenye kiti. Alikuwa amesafiri na masanduku manne, amepima pasi, amefunga orodha kwa kufuli, amefulisha mashati kwa sabuni moja, na hakuuliza jambo ambalo mtoto yeyote wa Mikelenge angemwambia bure. Katika mji ule hakuna shati la marehemu. Kuna mashati ya wajomba na wapwa. Kama angetaka shati ambalo kweli mtu wake hayupo, angehitaji la mtu ambaye hakuna aliyekubali kumlilia.

"Na kumi na mbili?" aliuliza kwa sauti iliyochoka.

Karani akakohoa. Familia ya kumi na mbili, alieleza, ilitoka Lokandu na pirogi, mtumbwi wao, haikuwahi. Kwa hiyo mama anayefua akaleta shati la kwake. Naye karani akamuuliza, mwenyewe ni hai au marehemu, akajibu ni hai. Akamuuliza, nani amesema, akamjibu. Karani ni mtu mwaminifu, aliandika kama alivyosikia.

Profesa akasoma. Akasoma tena, kwa sauti: "Namba kumi na mbili. Hai. Aliyeshuhudia: Mama Nuru."

Falone aligeukia mifupa tena, mabega yakitikisika.

"Kwa hiyo," alisema Profesa polepole, "mama amesema haiko, na orodha inasema iko, na orodha imepewa na mama." Akashika kichwa. "Sheria ni sheria. Nitaandika kosa. Tano kwa kumi na mbili."

"Andika, Profesa," alisema Mama Nuru. Alikuwa analikunja shati. "Kosa ni langu kweli."

Alitoka uani na shati mkononi. Njia ilikuwa ya hatua kumi, na kwake ilikuwa ndefu kuliko ya Lubutu. Akakaa chini, juu ya saruji, karibu na beseni.

"Nimesema," alisema.

"Nimesikia."

"Nisamehe, mudogo wangu. Nilikudanganya. Siku ile sikusikia kitu. Pasi haijasema hata siku moja. Nilikuona tu namna ulivyokuwa, nikashindwa."

Françoise alipangusa uso. Hakukasirika, na Mama Nuru aliona ingekuwa afadhali angekasirika.

"Yaya, nilijua. Mwaka wa kwanza niliamini, wa tano pia. Mwaka wa kumi nilikuwa nimeshajua. Muntu aliye muzima hawezi kukosa kutuma hata salamu miaka kumi, na masimu haya yote."

"Sasa kwa nini ulikuwa unaleta shati kila posho?"

"Ningeacha, ungejua kwamba siamini tena. Ungesikia haya mbele ya watu. Na tena, nyumbani kwetu hakuna mwingine wa kutaja jina lake. Ndugu zake wanataka tu kugawa. Kwako njo tulikuwa tunamuongea."

Mama Nuru akalia waziwazi sasa, mkono juu ya mdomo. Miaka yote hiyo alijiona mlinzi wa mwanamke yule, kumbe mwanamke yule ndiye aliyekuwa akimlinda yeye.

"Na mwalimu Joël?" aliuliza mwishowe. Neno hilo lilikuwa limemkaa kooni tangu zamani. "Ulimukatalia kwa sababu ya pasi yangu."

Françoise alilichukua shati, akaliweka magotini.

"Joël alikuwa muntu muzuri," alisema. "Lakini alikuwa anakula na kelele. Nilikuwa natafuta sababu, pasi ikanipa." Akacheka, kicheko kilichokatika katikati, na kilipokatika akaegemea bega la Mama Nuru. "Pengine ningezoea kelele. Sijui. Niliona bora weye useme mbele ya ba-profesa na kila muntu, ndugu za Isidore wasiseme miye nimechoka na mume wangu. Nilikuwa nangoja useme, yaya. Sikuwa tena nangoja Isidore."

Matanga ya Isidore yalifanyika wiki mbili baadaye, siku tatu kamili, ingawa hapakuwa na maiti wala kaburi. Profesa Florentin alialikwa, akaja na kalamu, akaisahau mfukoni, maana alipewa bugali na kuwekwa karibu na mjomba mmoja aliyemweleza historia yote ya reli. Wale wawili waliotangulia na baiskeli, wenzake Isidore, walisimama mbele ya watu, wazee sasa, wakasema kwamba siku ile walipaswa kungoja mnyororo utengenezwe. Hakuna aliyewafukuza. Siku ya tatu sanduku lilifunguliwa, nguo zikagawiwa. Shati la kaki, jepesi kama lilivyokuwa, lilimwangukia mpwa wa Isidore, fundi wa pikipiki, ambaye aliambiwa na Mama Nuru mbele ya hadhara kwamba akilirarua kabla ya mwaka atamfuata mpaka gereji.

Mji ulimcheka Mama Nuru kwa muda wa juma moja. Watoto walimpitia dirishani wakiuliza kama pasi imeamka vizuri. Aliwajibu kwamba imeamka na inatafuta masikio ya kunyoosha, wakakimbia. Baada ya hapo mji ukasahau, kwa kuwa Kindu haikosi habari, na nguo zikaendelea kuja. Wateja wapya wakiuliza kama inasema, anawaambia ni ya kunyoosha tu. Kwa Profesa, katika karatasi zake, namba kumi na mbili bado ni kosa.

Jumamosi iliyofuata matanga, saa nane mchana, Mama Nuru alikuwa amewasha makala na hakujua aanze na nguo gani. Juu kabisa ya rundo lilikuwa shati la kaki, limeletwa asubuhi na yule mpwa, kola nyeusi kwa jasho na doa la grisi kifuani. Alikuwa amelishika hivyo, akilikagua, aliposikia hatua mlangoni. Françoise aliingia, mikono mitupu, akavuta kibao chake mahali pake pa siku zote, akakaa.

"Basi," alisema, "ile siku Isidore alipokataa sombe ya mama yako, nilikwisha kukuambia?"

"Hapana," alisema Mama Nuru, aliyekwisha kuisikia mara mia, akaipitisha pasi kwenye kola.